Kutoka Ekseli hadi Mkanda: Usukani wa Haidroli katika Magari Makongwe ya Mizigo ya Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Katika kaunti ya Nyeri na miji inayouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Karatina na Kerugoya upande wa kusini hadi Nanyuki, Timau na Meru upande wa kaskazini, magari ya mizigo yaliyobuniwa kabla ya katikati ya miaka ya 1980 hayajawa vitu vya maonyesho, bali bado hubeba maziwa, majani ya napier, viazi, mbao na kahawa mbivu inayopelekwa kiwandani. Mengi kati yake yalibuniwa katika enzi ambayo usukani uligeuzwa kwa nguvu ya mikono ya dereva peke yake, na kwa sababu hiyo wamiliki wengi hutamani kuyafungia usukani wa haidroli, jambo ambalo mara moja huvuta swali la pili kuhusu puli na mikanda ya injini, kwa kuwa pampu ya haidroli haina budi kuzungushwa na kitu fulani. Uchambuzi huu unashikilia kwamba kazi hiyo huharibika kwa kuanzishwa upande usiofaa: pampu hununuliwa kwanza, kisha hutafutwa mahali pa kuifunga, kisha mkanda wa kuizungusha, ilhali mpangilio ulio salama huanzia kwenye ekseli na magurudumu, hupitia sanduku la usukani, na pampu na mkanda wake huamuliwa mwisho.

Magari haya yamebaki kwa sababu zinazoeleweka. Kiwanda cha Thika kilichoanzishwa na Leyland katikati ya miaka ya 1970, ambacho leo huitwa Kenya Vehicle Manufacturers, kiliunganisha Land Rover kutokana na vipande vilivyoletwa kutoka Uingereza, na kampuni ya General Motors iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1975 kwa ubia na serikali iliunganisha malori ya Bedford na Isuzu, nayo tangu 2017 inaitwa Isuzu East Africa. Aidha, kiwango cha KS 1515 cha Shirika la Viwango la Kenya kinazuia kuingizwa nchini kwa gari lililotumika likiwa limezidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na sharti hilo lina matokeo yasiyozungumzwa sana: gari kongwe la mizigo haliagizwi zima kutoka ng'ambo kama chombo cha kazi, hivyo yaliyopo ndiyo hayo, na vipuri vya kulifufua moja hutoka kwenye jingine lililokufa au kwenye spea zilizotumika zinazouzwa Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, ambayo wengi bado huiita Grogan. Fundi wa Nyeri hachagui kutoka katalogi. Huchagua kutoka kwa kile kilichofika, na uamuzi wake kuhusu puli moja hutegemea hilo.

Usukani wa mikono hufanya kazi kwa sanduku la gia lililo mwisho wa nguzo ya usukani, ambalo mafundi huliita stelingi boksi. Ndani yake mna parafujo nene na nati: dereva anapozungusha usukani nati husogea, nati huugeuza mhimili wa pembeni, na mhimili huo huuzungusha mkono wa pitmani, yaani mkono mfupi unaovuta na kusukuma fito zinazofika kwenye magurudumu ya mbele. Usukani wa haidroli, ambao gereji huujua kama pawa stelingi, huongeza pistoni ndani ya sanduku hilo, ambapo pampu inayozungushwa na injini husukuma mafuta, valvu hutambua upande ambao dereva anageukia, na mafuta huelekezwa upande mmoja wa pistoni ili yamsaidie. Mhandisi Mmarekani Francis Davis aliuonyesha mfumo wa namna hii kwenye gari la Pierce-Arrow mwaka 1926, lakini Chrysler Imperial ya 1951 ndiyo iliyoufikisha sokoni, na magari ya kazi yalichelewa zaidi kuupata. Land Rover Series III, iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985, ilitoka kiwandani bila msaada huo.

Hoja inayopaswa kutangulia zote ni kwamba usukani mzito na usukani usio na haidroli ni mambo mawili tofauti. Land Rover ya chesisi ndefu iliyovaa tairi nyembamba za 7.50-16 zilizokusudiwa kwake, zikiwa na upepo wa kutosha, haimchoshi dereva mwenye afya pindi gari linapoanza kutembea. Ila ikivalishwa tairi pana za kisasa kwa ajili ya sura, uso wa mpira unaosugua ardhi huongezeka na mikono hulipa gharama. Uzito mwingine hutoka kwenye kingpini, yaani viungo vya wima ambavyo gurudumu hugeukia, vinapokauka grisi au vinapofungwa kwa shimu pungufu, na katika Land Rover za Series hutoka mara nyingi kwenye relei, kiungo cha wima kilichofichwa ndani ya mhimili wa mbele wa chesisi, ambacho hupokea msukumo kutoka kwa sanduku na kuupeleka ng'ambo kwenye gurudumu. Relei huhitaji oili, ambayo wamiliki wachache hukumbuka kuiongeza, na ikikauka huganda kwa kutu ndani ya chuma cha chesisi hata kuitoa kukahitaji siku nzima ya nyundo na moto. Ndani yake mna springi iliyobanwa kwa nguvu kubwa, na fundi anayeifungua bila kuifunga kwanza huweza kuumizwa vibaya inaporuka.

Namna ya kutambua chanzo cha uzito haihitaji kifaa cha gharama. Ekseli ya mbele huinuliwa kwa jeki na kukalishwa juu ya stendi, fito hutenganishwa moja baada ya nyingine, kisha kila sehemu hugeuzwa kwa mkono ikiwa peke yake. Ugumu ukibaki kwenye gurudumu, kosa ni la kingpini. Ukibaki kwenye usukani hali fito zimekwisha kutengwa, kosa ni la sanduku au nguzo. Ukibaki katikati, kosa ni la relei. Kazi hii ya asubuhi moja ingewaepusha wamiliki wengi na gharama ya pampu, na uzito wake unazidi wa hoja ya fedha, kwa sababu haidroli huyafunika maradhi bila kuyaponya: dereva aliyekuwa akihisi boli jointi ikilegea kupitia mikono yake haihisi tena, na kiungo kilichochoka huanza kusukumwa na pistoni yenye nguvu kuliko binadamu yeyote. Katika barabara za Othaya na Mukurwe-ini, zinazoteremka bondeni na kupanda tena ukingo baada ya ukingo, na ambazo udongo wake mwekundu huteleza katika mvua za masika, kiungo cha fito kikikatika kwenye mteremko hakimpi dereva nafasi ya kujirekebisha.

Ekseli ikithibitika kuwa nzima, ndipo sanduku huzungumziwa. Kwa Land Rover za Series njia iliyozoeleka duniani ni kuchukua sanduku la haidroli la Range Rover, Discovery au Defender na kulifunga mbele ya chesisi upande wa dereva, ambapo husukuma fito ya ng'ambo moja kwa moja na kuifanya relei isihitajike. Mabadiliko hayo yana masharti mawili ambayo hayafai kupuuzwa. La kwanza ni chesisi: ubavu wake ni boksi la bati lenye uwazi ndani, na boliti zikipitishwa humo bila mirija ya chuma ya kuzuia boksi lisibonyee, kila mgeuko wa usukani utalipinda bati hadi lipasuke pembeni mwa tundu, hivyo mirija huchomelewa kwanza, bati la kuimarisha huongezwa, na fito ya kukaza huunganisha sanduku na ubavu wa pili wa chesisi. La pili ni ulalo wa fito ya ng'ambo, ambayo hupaswa kulala karibu sawa na ekseli. Ikiinama sana, kila gurudumu linapopanda jiwe springi hubonyea, fito hubadili urefu wake wa ng'ambo, na gari hugeuka lenyewe bila dereva kugusa kitu.

Upo pia mtego wa upande wa usukani, ambao vitabu vya Marekani havina sababu ya kuutaja. Kenya huendesha kushoto na dereva huketi kulia, kwa hiyo sanduku hukaa kwenye ubavu wa kulia wa chesisi, ilhali seti za kubadilishia zinazotengenezwa Marekani, na spea nyingi zinazotoka kwenye magari yaliyotumika katika nchi za Ghuba, ni za usukani wa kushoto. Sanduku la upande mwingine huweza kufanana kwa macho na bado likageuza mkono wa pitmani kinyume, au likatoa mipira ya mafuta mahali palipo na injini. Spea zilizotoka Japani, Uingereza au Thailand, nchi ambazo pia huendesha kushoto, ndizo zinazofaa, na mnunuzi hana budi kuligeuza sanduku kwa mkono akiwa dukani na kuona mkono wa pitmani unaelekea wapi kabla hajalipa.

Suala la mikanda ndilo lenye mengi zaidi ya kuelezwa. Mkanda wa V, uliozoeleka tangu kampuni ya Gates ya Denver ilipoutengeneza kwa mpira mwaka 1917, una umbo la kabari linalojibana kwenye mfereji wa puli, na kadiri unavyovutwa ndivyo kuta zake zinavyoshika. Mkanda wa mbavu, uliosambaa kwenye magari kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, ni mpana na mwembamba, una mifereji midogo ya urefu, na mmoja wake huzungushwa kupitia vifaa vyote vya injini. Maandishi yaliyo mgongoni mwa mkanda hueleza aina: ulioandikwa 13x1000 ni wa V wenye upana wa milimita 13 na urefu wa milimita 1,000, na ulioandikwa 6PK1750 una mbavu 6 na urefu wa milimita 1,750. Aina hizi mbili haziingiliani, na puli ya moja haipokei mkanda wa nyingine hata kama vipenyo vinalingana. Injini ya Land Rover ya lita 2.25 ina mkanda mmoja wa V unaozunguka pembetatu ya krenki, pampu ya maji pamoja na feni, na oltaneta, kwa hiyo pampu ya usukani huhitaji puli ya krenki yenye mfereji wa pili, ambayo hupatikana kwa injini za lita 2.5 za ukoo huohuo zilizofuata. Anayechagua kuingiza injini ya 300Tdi ya 1994, ambayo hutumia mkanda mmoja wa mbavu, huchukua mfumo wote kwa pamoja, na huo ni uamuzi wenye mantiki zaidi kuliko kuchanganya vipande vya injini mbili.

Ili kuona kwa nini puli haikisiwi kwa macho, inafaa kuhesabu. Tuseme puli ya krenki ina kipenyo cha milimita 150 na ya pampu milimita 125. Injini ikinguruma polepole kwa mizunguko 750 kwa dakika, pampu huzunguka 900, na injini ikifika 4,000 pampu hufika 4,800. Kugeuza gari lililosimama uani mwa kiwanda cha kahawa hufanyika wakati injini inanguruma polepole, na huo ndio wakati pampu inapohitajika zaidi, kwa hiyo pampu iliyotoka kwenye injini ya petroli inayokimbia sana, ikiwa na puli yake kubwa, huonekana dhaifu ikifungwa kwenye dizeli ya zamani. Pampu yenye shinikizo la bar 80 na mtiririko wa lita 7 kwa dakika hutoa nguvu ya kilowati 0.9, na kwa kuhesabu upotevu huidai injini kilowati 1.2 hivi, na katika mizunguko 900 hiyo ni kani ya niutoni 200 hivi kwenye ukingo wa puli, yaani kilo 20 zinazouvuta mkanda upande mmoja zaidi ya upande mwingine. Breketi iliyokatwa kwa bati jembamba na kuchomelewa upande mmoja hupinda chini ya mvuto huo, puli huacha mstari, na mkanda huanza kula ukingo wake. Unga mweusi wa mpira unaokusanyika kwenye breketi, na mlio mkali usukani unapofika mwisho, ni dalili za kasoro hiyo, na kukaza mkanda zaidi, ambayo ndiyo tiba inayokimbiliwa, huhamishia adhabu kwenye beringi ya pampu ya maji na ya oltaneta.

Kipimo cha mstari ni rahisi. Rula ndefu ya chuma, au uzi uliovutwa, huwekwa kwenye nyuso za puli mbili na huonyesha papo hapo kama zote zimo katika bapa moja. Mkanda wa V huvumilia kasoro ndogo, wa mbavu hauvumilii, nao huruka mbavu moja na kujikata. Mvuto wa mkanda wa V hupimwa katikati ya nafasi iliyo ndefu kuliko zote, ambapo kidole gumba kinapaswa kuubonyeza kwa milimita 10 hadi 13, na mkanda mpya hukazwa tena baada ya kilomita chache kwa kuwa hunyooka. Mikanda miwili ikiwa sambamba kwenye puli moja hubadilishwa pamoja, la sivyo ule mpya hubeba kazi ya wote wawili. Lingine ni mwelekeo: pampu ya usukani hufanya kazi ikizungushwa upande mmoja tu, na pampu iliyotoka kwenye injini ambapo iliendeshwa na mgongo wa mkanda wa mbavu huzunguka kinyume, hivyo ikifungwa kwa mkanda wa V haitasukuma kitu.

Ukubwa wa puli ya pampu ya maji nao haupaswi kubadilishwa ili mkanda upate kukaa, kwani kufanya hivyo hubadilisha kasi ya feni na ya maji. Mjini Nyeri, ulio mita zipatazo 1,750 juu ya usawa wa bahari, maji yasiyo na shinikizo huchemka karibu nyuzi 94 badala ya 100, na Nanyuki, ulio juu zaidi, huchemka mapema zaidi. Lori lenye mzigo likipanda polepole kwa gia ya chini lina akiba ndogo ya ubaridi, na kofia ya rejeta iliyochoka huimaliza akiba hiyo.

Kwa pikapu za Kijapani, kama vile Isuzu KB na Toyota Hilux za dizeli, kazi ni nyepesi kwa sehemu kubwa, kwa sababu modeli zilezile ziliuzwa zikiwa na haidroli na zikiwa bila, na sanduku, pampu, breketi na puli ya krenki vinaweza kutoka kwa gari moja linalovunjwa kwa ajili ya vipuri. Hatari iliyojificha humo, hata hivyo, ni kubwa kuliko ya Land Rover. Injini ya dizeli haitoi mvuto wa hewa wa kutosha kusaidia breki, kwa hiyo hupewa pampu ya vakyumu, na katika Hilux zenye injini za L na 2L, sawa na Isuzu zenye 4JA1, pampu hiyo imefungwa nyuma ya oltaneta na huzungushwa na mkanda uleule. Fundi anayehamisha oltaneta ili kupisha pampu ya usukani, au anayeipa puli kubwa zaidi, anagusa breki za gari bila kuvua gurudumu hata moja, na mkanda ukikatika dereva hupoteza chaji na msaada wa breki kwa pamoja, na usukani nao kama umewekwa kwenye mkanda huohuo. Kwa sababu hiyo pampu ya usukani katika magari haya hustahili mkanda wake peke yake, hata pale ambapo mkanda mmoja ungetosha kuvizungusha vyote. Malori makubwa hayahitaji mjadala mrefu, kwani injini zake nyingi huzungusha pampu kwa gia na mkanda hauhusiki.

Njia nyingine, ya kufunga nguzo ya usukani wa umeme iliyotolewa kwenye gari dogo kama Toyota Vitz, inavutia kwa kuwa huondoa pampu, mipira na mkanda kwa mkupuo, na nguzo hizo hazikosekani kwenye spea zilizotumika. Mota yake, hata hivyo, huweza kuvuta makumi ya ampea usukani unapogeuzwa gari likiwa limesimama, ilhali dainamo ya Lucas C40 ya Land Rover za zamani hutoa ampea 22 na oltaneta ya 16ACR ya Series III hutoa 34, ambazo taa na wipa pia huzigombania. Zaidi ya hayo, mota husaidia kabla ya sanduku, na kani yote hupita katika gia kuukuu zilizoundwa kwa mikono ya mtu, kwa hiyo njia hii hufaa gari jepesi lenye sanduku zima, wala haifai lori la mizigo.

Mafuta ya mfumo wa haidroli huwa yale yaliyotajwa na mtengenezaji wa sanduku, mara nyingi ya gia otomatiki, na kamwe si ya breki, ambayo huvimbisha na kuozesha sili. Hewa hutolewa magurudumu ya mbele yakiwa yameinuliwa na injini imezimwa, usukani ukigeuzwa taratibu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine huku tangi likijazwa, na mpira wa shinikizo hufungwa mbali na ekzosi, kwa kuwa mafuta yakimwagikia chuma chenye moto huwaka.

Upande wa sheria, magari ya biashara hukaguliwa kila mwaka chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, na usukani na breki ni miongoni mwa mambo yanayoangaliwa. Logbuku huandika namba ya injini na ya chesisi, hivyo anayebadilisha injini nzima ili apate mfumo wa mikanda ulio bora hana budi kuiarifu mamlaka, na kampuni ya bima nayo hustahili kujua kabla ya ajali badala ya baada yake. Mashine za kukereza vyuma zimo katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi na katika Nyeri National Polytechnic, na ingekuwa jambo jema sana kama taasisi hizo zingekubali kupima puli na kukagua breketi za mafundi wa jua kali wa eneo lao kwa ada ndogo, kwani ujuzi wa mikono umo tele mitaani ila vipimo vya uhakika ndivyo vinavyokosekana.

Kwa mmiliki wa Land Rover ya Series inayotoka mara chache na kubeba mzigo mwepesi, uamuzi ulio bora ni kutobadilisha: atengeneze relei na kingpini, arudishe tairi nyembamba, na fedha zinazobaki azitie kwenye breki. Kwa mwenye pikapu ya Kijapani inayobeba mizigo kila siku, mabadiliko yanafaa, mradi vipande vyote vitoke kwenye gari moja na mkanda wa oltaneta uachwe ulivyokuwa. Na yeyote atakayebadilisha aweke mikanda miwili ya akiba na spana yake chini ya kiti, kisha, kabla ya kushuka bondeni na mzigo kwa mara ya kwanza, aliendeshe gari mahali tambarare mkanda wa pampu ukiwa umetolewa, ili ajue mapema uzito ambao mikono yake italazimika kuubeba mkanda huo ukikatika.